Seva ya barua pepe baada ya jaribio la urejeshaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jaribio la urejeshaji ni kurejesha nakala rudufu kwenye mashine nyingine, huku seva halisi ikiendelea na kazi, ili kuona kama nakala inafaa. Majibu haya yanahusu seva ya Linux inayotumia Postfix kupokea na kutuma barua, na Dovecot kuhifadhi visanduku na kuwahudumia watumiaji. Anwani zilizotumika (example.org, 192.0.2.10) ni za mfano tu. Kama seva yako iliyorejeshwa bado haijawashwa, soma swali la kwanza kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Nimemaliza kurejesha nakala rudufu. Je, niwashe Postfix moja kwa moja?

Hapana. Ndani ya `/var/spool/postfix` mmerejea pia foleni ya barua jinsi ilivyokuwa saa nakala ilipochukuliwa. Barua nyingi kati ya hizo seva halisi imeshazifikisha tangu wakati huo. Ukiwasha Postfix na mashine ina njia ya kutoka nje, zitatumwa mara ya pili: ankara, majibu ya wateja, barua za kubadili nenosiri. Mpokeaji hana namna ya kujua kwamba lilikuwa jaribio.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu, Postfix ikiwa bado imezimwa:

1. Funga njia ya kutoka nje kwa faiwoli iliyo nje ya mashine yenyewe. Sheria za faiwoli zilizo ndani ya mashine zimetoka kwenye nakala ileile, kwa hiyo usizitegemee.
2. Zuia foleni yote: `postsuper -h ALL`.
3. Zuia na zitakazoingia baadaye: `postconf -e "defer_transports = smtp relay"`. Hatua ya pili hushika barua zilizopo tu, ilhali hii hushika na mpya zinazoelekea nje. Zinazokwenda kwenye visanduku vya ndani zitaendelea kupita, nawe unazihitaji kwa majaribio.
4. Endesha `postsuper -s`. Majina mafupi ya faili za foleni hutokana na namba ya inodi (namba ambayo mfumo wa faili huipa kila faili), na namba hizo hubadilika faili zinapoandikwa upya kwenye diski nyingine. Amri hii huzipa majina yanayolingana. Kama ulikuwa umewasha `enable_long_queue_ids`, tatizo hili halikuhusu, ila kuiendesha hakudhuru.

Usisahau kazi za cron, yaani zinazojiendesha kwa ratiba. Jarida la kila wiki, programu inayovuta barua kutoka akaunti nyingine kwa POP3, na jibu la kiotomatiki la aliye likizo haviko kwenye foleni lakini vyote vinaweza kugusa ulimwengu wa nje. Programu ya kuvuta barua ndiyo mbaya zaidi: huchukua barua halisi kutoka akaunti ile na kuzifuta huko, kisha zinabaki kwenye mashine utakayoibomoa kesho.

Watumaji wanaletewa taarifa kwamba barua zao za wiki iliyopita hazikufika. Kwa nini?

Postfix huhesabu umri wa barua tangu ilipopokelewa mara ya kwanza. Hauhesabiwi tangu siku uliyorejesha. `maximal_queue_lifetime` kwa kawaida ni siku 5. Nakala ikiwa na siku 6, kila barua iliyokuwa kwenye foleni imeshapita muda. Ikijaribiwa mara moja na kushindwa, hurudishwa kwa mtumaji. Kwenye mtandao uliofungwa kila jaribio hushindwa, kwa hiyo zote hurudi.

Kwa muda wa jaribio weka:

`postconf -e "maximal_queue_lifetime = 30d" "bounce_queue_lifetime = 30d"`

Barua iliyozuiwa kwa `postsuper -h` haizeeki ikiwa imezuiwa, lakini ukiiachia kwa `postsuper -H` umri wake halisi unahesabiwa palepale. Ndiyo maana muda huu urefushwe kabla ya kuachia, si baada.

Postfix inakataa kuwaka: "fatal: bind 192.0.2.10 port 25: Cannot assign requested address".

Mashine mpya ina anwani nyingine ya IP, na usanidi bado unataja ya zamani. Tazama `postconf inet_interfaces` na `/etc/postfix/master.cf`, kisha pia `listen` ndani ya Dovecot. Ukiwa hapo kagua na `mynetworks`. Kama mtandao wa jaribio una anwani tofauti, programu za ndani zilizoruhusiwa kutuma bila kujitambulisha zitakataliwa. Na ukipanua wigo huo ovyo ili kumaliza haraka, unaweza kuifanya seva ipitishe barua za mtu yeyote.

Inawaka, ila logi imejaa malalamiko ya umiliki na ruhusa.

Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote, na chanzo chake ni kimoja: mfumo wa faili huandika namba ya mmiliki, hauandiki jina lake. Kwenye seva ya zamani mtumiaji `postfix` huenda alikuwa namba 106. Kwenye mashine mpya vifurushi vilisakinishwa kwa mpangilio mwingine akapata 112, na 106 sasa ni ya huduma nyingine kabisa. Faili zimerejea sawasawa, ila zimeangukia mikono isiyo yake.

Angalia kwa `ls -ln /var/spool/postfix` na ulinganishe namba na `id postfix`. Kurekebisha upande wa Postfix ni amri mbili: `postfix set-permissions`, halafu `postfix check`. Ya pili isipotoa neno lolote, umemaliza. Inapolalamikia kundi la `postdrop`, sababu huwa ni saraka ya `maildrop` au programu za `postdrop` na `postqueue` zilizopoteza alama ya setgid (inayoipa programu haki za kundi lake) wakati wa kunakili. Programu za ndani ya seva zinazotuma kupitia `sendmail` hukwama hapo hata kama SMTP inafanya kazi vizuri.

Visanduku vya watumiaji ni habari nyingine. Kama vyote vinamilikiwa na mtumiaji mmoja, tuseme `vmail`, una njia mbili. Unaweza kumpa `vmail` namba yake ya zamani kabla ya kurejesha, au kuendesha `chown -R vmail:vmail /var/vmail` baadaye. Chagua ya kwanza ikiwezekana. Maildir huweka kila barua kwenye faili yake, na kubadili umiliki wa faili milioni kadhaa ni muda mrefu unaoingia kwenye hesabu ya urejeshaji wako. Ukinakili kwa rsync kama root, `--numeric-ids` huhifadhi namba zilezile, na `-H` huhifadhi viungo vigumu (majina kadhaa ya faili moja), ambavyo Dovecot huvitumia barua inaponakiliwa kutoka folda moja hadi nyingine. Bila `-H`, data iliyorejeshwa inaweza kuwa kubwa kuliko ya mwanzo na kujaza diski.

Ujumbe "Mail access for users with UID 400 not permitted" unatoka Dovecot: namba ya mmiliki iko chini ya `first_valid_uid`, ambayo kwa kawaida ni 500.

Umiliki ukiwa sahihi na bado unaona "Permission denied", na mashine inatumia SELinux (ulinzi wa ziada wa Linux unaotegemea lebo za faili), lebo za usalama hazikurudi pamoja na faili. Endesha `restorecon -Rv` kwenye `/etc/postfix`, `/etc/dovecot`, `/var/spool/postfix`, `/var/lib/dovecot` na saraka ya visanduku. Kama visanduku viko mahali pasipo pa kawaida, kanuni uliyoiongeza zamani kwa `semanage fcontext` nayo haipo kwenye mashine mpya; irudishe kwanza. Tafadhali usizime SELinux ili jaribio lipite. Jaribio lililopita hivyo halijathibitisha chochote.

Mtu wa nje anakataliwa anapotuma. Nitajuaje tatizo liko wapi?

Soma namba ya jibu pamoja na maneno yake. Baada ya urejeshaji, kila moja huwa na mahali pake pa kutazama:

- "451 4.3.0 Temporary lookup failure": jedwali halisomeki. Hifadhidata haijawaka, nenosiri lake ni tofauti, au faili ya `.db` imeharibika au haipo.
- "554 5.7.1 Relay access denied": jedwali linasomeka, ila kikoa hakimo. Mara nyingi hifadhidata imewaka ikiwa tupu, kwa sababu dampo lake halijapakiwa.
- "550 5.1.1 User unknown in virtual mailbox table": kikoa kimo, mtumiaji hayumo. Dampo la hifadhidata ni la zamani kuliko visanduku.
- "451 4.7.1 Service unavailable": milter (programu ya pembeni inayokagua barua, kama antivirusi) imeshindwa. Tazama swali la antivirusi hapa chini.
- "452 4.3.1 Insufficient system storage": Postfix hutaka nafasi walau mara 1.5 ya `message_size_limit`. Kagua `df -h` na pia `df -i`, maana Maildir inaweza kumaliza inodi kabla ya baiti.

Zinazoanza na 4 zina nafuu, kwani mtumaji atajaribu tena kwa siku kadhaa. Zinazoanza na 5 ni za mwisho, barua hurudishwa papo hapo. Kwa sababu hiyo, siku ya maafa ya kweli weka `soft_bounce = yes` kabla ya kufungua poti 25: kila kukataa kwa 5 kunageuka kuwa 4, na kosa lako la usanidi halipotezi barua ya mtu. Iandike kwenye mwongozo wenu wa urejeshaji, pamoja na hatua ya kuitoa mambo yakitulia.

Postfix haioni hifadhidata ya MySQL, lakini mimi nikiwa kwenye terminali naiona.

Kwenye Debian na jamaa zake, sehemu nyingi za Postfix hufanya kazi ndani ya chroot ya `/var/spool/postfix`, yaani zimefungiwa kwenye saraka hiyo na hazioni faili za nje yake. Ukiandika `hosts = localhost`, hutafutwa soketi ya MySQL, nayo haipo ndani ya chroot hiyo. Andika `hosts = 127.0.0.1`, au weka `proxy:` mbele ya jina la jedwali ili usomaji ufanyike nje ya chroot. Jaribu kwa `postmap -q example.org mysql:/etc/postfix/domains.cf`, ukikumbuka kwamba amri hii haiendeshwi ndani ya chroot: ikijibu vizuri huku Postfix inashindwa, umeshapata jibu lako.

Chroot hiyohiyo ndiyo chanzo cha "Host or domain name not found" wakati `dig` inajibu bila shida. Nakala ya `/var/spool/postfix/etc/resolv.conf` imetoka kwenye nakala rudufu na inataja seva ya DNS ya mtandao wa zamani. Inakili upya kutoka `/etc/resolv.conf`, au zima na uwashe Postfix kama mfumo wako huinakili wakati wa kuwaka.

Ramani za alias na virtual hazisomeki.

Usirejeshe faili za `.db` kabisa, ni zao la faili za maandishi. Zitengeneze upya kwa `postmap /etc/postfix/virtual` na `newaliases`. Ukiambiwa aina `hash` haitambuliki, Postfix ya mashine mpya imejengwa bila Berkeley DB. Tazama aina zilizopo kwa `postconf -m`, badili `hash:` kuwa `lmdb:` kwenye `main.cf`, kisha utengeneze ramani upya.

Watumiaji wanaingia lakini folda zinaonyesha idadi isiyo sahihi, au barua zinaonekana na hazifunguki.

Faharasa za Dovecot zilinakiliwa zikiwa katikati ya kuandikwa. Nakala iliyochukuliwa mfumo ukiwa kazini huwa na barua za saa 8:00 na faharasa ya saa 8:03. Anza na:

`doveadm force-resync -u mtumiaji@example.org '*'`

Kwa Maildir hiyo hutosha mara nyingi. Isipotosha, unaweza kufuta `dovecot.index`, `dovecot.index.log` na `dovecot.index.cache`, Dovecot itazijenga upya kutoka majina ya faili, ambamo alama za kusomwa na kujibiwa zimo.

Hapa inabidi tusisitize. Usifute `dovecot-uidlist` wala `dovecot-keywords`. Ya kwanza inashika namba ya kila barua na thamani ya UIDVALIDITY. Ikipotea, kila programu ya barua itaamini kwamba folda ni mpya na itapakua kila kitu upya, na watumiaji wa POP3 wanaoacha nakala kwenye seva wanaweza kupata barua zao zote mara mbili. Ya pili inashika majina ya lebo walizoweka watumiaji.

Kama hifadhi yako ni ya sdbox au mdbox (miundo mingine ya Dovecot ya kuhifadhi barua), usifute faharasa yoyote. Katika muundo huo alama za barua zinaishi ndani ya faharasa, na kwa mdbox hata habari za barua ipi imo kwenye folda ipi ziko humo. Tumia `force-resync` peke yake, na uwe tayari kwamba baadhi ya alama zitarudi nyuma.

Kiwango cha matumizi ya nafasi nacho kikikosewa, endesha `doveadm quota recalc -u mtumiaji@example.org`.

Dovecot haiwaki kabisa, inalalamikia mstari wa kwanza wa usanidi.

Umesakinisha toleo la 2.4 na usanidi ni wa 2.3. Toleo la 2.4 linadai `dovecot_config_version` iwe ya kwanza kwenye faili, na mipangilio mingi imebadilishwa majina. Wakati wa urejeshaji si wakati wa kupanda toleo. Sakinisha toleo lilelile la seva halisi, na kuanzia sasa weka orodha ya vifurushi na matoleo yake ndani ya nakala rudufu.

Mtumiaji anapokea barua lakini hawezi kutuma: "SASL: Connect to private/auth failed".

Postfix inatafuta soketi ya Dovecot ndani ya `/var/spool/postfix/private/auth` na haipo. Washa Dovecot, hakikisha `unix_listener` inataja njia hiyohiyo, na mmiliki ni `postfix`. Kama soketi ipo na nenosiri ndilo linalokataliwa, jaribu `doveadm auth test mtumiaji@example.org` ili kuitenga Postfix na tatizo.

Programu za barua zinalalamikia cheti.

Kuna sababu tatu za kawaida. Ya kwanza, muda umekwisha: vyeti vya Let's Encrypt vya kawaida hudumu siku 90 na kwa desturi huhuishwa zikibaki kama 30, kwa hiyo nakala ya miezi michache inaweza kuwa na cheti kilichokufa. Ya pili, ndani ya `/etc/letsencrypt/live` kuna viungo tu. Vyeti vyenyewe viko `/etc/letsencrypt/archive`, na nakala iliyobeba `live` peke yake imebeba hewa. Ya tatu, cheti na ufunguo wake havilingani. Hakiki kwa kulinganisha matokeo ya amri hizi mbili, ambayo lazima yawe sawa herufi kwa herufi:

`openssl x509 -noout -pubkey -in fullchain.pem`
`openssl pkey -pubout -in privkey.pem`

Kisha tazama seva inatoa nini hasa: `openssl s_client -connect 192.0.2.10:993 -servername mail.example.org`, na kwa poti 25 au 587 ongeza `-starttls smtp`.

Antivirusi haiwaki, na sasa hakuna barua inayoingia.

Clamd, huduma ya antivirusi ya ClamAV, haiwaki bila hifadhidata ya virusi iliyo `/var/lib/clamav`. Wengi huiacha nje ya nakala kwa kuwa hupakuliwa upya, lakini kwenye mtandao uliofungwa freshclam, programu inayoipakua, haiwezi kuifikia. Milter ikikosekana, `milter_default_action` ni `tempfail`, ndipo inapozaliwa ile 451 4.7.1. Ingiza saraka hiyo kwenye nakala. Kubadili kuwa `accept` kunaruhusiwa kwenye jaribio pekee.

Huduma ya DKIM (inayotia barua sahihi ya kidijitali) nayo huangukia hapo: OpenDKIM hukataa ufunguo unaosomeka na kila mtu. Mpe umiliki mtumiaji wake na ruhusa 0600.

Nawezaje kujua kwamba barua zote zimerudi?

Kufungua kisanduku kimoja na kuona barua si ushahidi. Wakati wa kuchukua nakala, endesha kwenye seva halisi:

`doveadm mailbox status -A 'messages vsize' '*'`

Hifadhi matokeo pamoja na nakala, endesha tena baada ya kurejesha, na ulinganishe kwa `diff`. Tofauti ndogo kwenye folda za INBOX inaelezeka kama seva ilikuwa kazini. Folda nzima iliyokosekana haielezeki hivyo. Sharti `-A` iweze kuorodhesha watumiaji wote, jambo linalotegemea `iterate_query` kwa walio na hifadhidata.

Baada ya hapo tuma barua moja kwa swaks (programu ya kujaribu SMTP) kutoka mashine nyingine kwenye mtandao uleule, ifuate kwenye logi tangu poti 25 hadi "saved mail to INBOX", kisha uisome kwa IMAP kwenye 993. Saa ya mashine ihakikiwe mapema kwa `chronyc tracking`. Mashine pepe iliyorudi kutoka picha ya zamani inaweza kuamka na saa ya siku ile.

Kuna barua mpya zilizoingia kwenye seva ya jaribio kwa makosa. Nizihamishe vipi?

Mtu alielekeza kikoa kimakosa, au programu ya mtumiaji ilipata anwani ya jaribio. Kabla ya kubomoa, sukuma mabadiliko kwenda seva halisi kwa kila aliyeguswa:

`doveadm sync -1 -u mtumiaji@example.org ssh vmail@mail.example.org doveadm dsync-server -u mtumiaji@example.org`

Alama ya `-1` huongeza kule mwisho bila kubadili huku. Usitumie `doveadm backup` kwa kazi hii, kwa kuwa yenyewe huufanya upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza, na barua zilizofika seva halisi tangu siku ya nakala zitafutwa. Jaribu na kisanduku kimoja kisicho na thamani, hesabu barua pande zote mbili, ndipo uendelee na wengine. Faiwoli ifunguliwe kwa SSH tu kuelekea anwani hiyo moja, foleni ikiwa bado imezuiwa.

Ukishahamisha, bomoa mashine ya jaribio pamoja na diski na picha zake zote. Humo mna barua za watu, nakala za manenosiri na funguo za siri za vyeti, na hakuna anayesasisha mashine iliyosahaulika.